KULALA HIFADHINI KIWAYU: SOMO LA KASA, MWONGOZAJI NA GIZA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, ukimwomba mwanafunzi yeyote wa Kenya akutajie hifadhi tano za wanyama, atakutajia Tsavo, Maasai Mara, Amboseli, Nakuru na pengine Meru, halafu atanyamaza. Hata sisi wa Lamu husema hivyo hivyo, ilhali tuna hifadhi yetu mlangoni, ndani ya maji ya chumvi. Nayo ni Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa na serikali mwaka 1979. Mwaka 1980 UNESCO nayo ikaitia katika orodha yake ya dunia ya maeneo ambamo binadamu na viumbe huishi pamoja. Ukubwa wake ni kilomita mraba 250. Inaanzia pande za kisiwa cha Kiwayu na kupanda kaskazini kuelekea mpaka wa Somalia, na ndani yake mna visiwa vidogo vipatavyo 50, miamba ya matumbawe, majani ya bahari na mikoko. Humo wamo kasa, wamo ndege wa baharini wanaotaga juu ya vijisiwa vitupu, na nguva pia, ingawa nguva siku hizi ni wachache mno hata mvuvi mzee huweza kuhesabu kwa vidole wale aliowaona maishani mwake.

Chama chetu kilipeleka wanafunzi 12 kulala Kiwayu usiku mmoja wakati wa likizo ya Aprili. Mwalimu mlezi ameniambia nisiandike insha ya "safari nisiyoweza kuisahau", maana hizo tayari zimejaa kabati la idara. Niandike somo: mtu anayetaka kulala hifadhini ajue nini kabla hajapanda boti. Basi nitafanya hivyo, na msomaji anisamehe nikipotea kidogo njiani.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wetu husema "mbuga" na "hifadhi" kama kwamba ni kitu kimoja. Katika sheria za Kenya si hivyo, hasa baharini. Malindi na Watamu kuna mbuga za bahari tangu mwaka 1968, na ndani ya mbuga hizo hakuna ruhusa kuvua hata tasi mmoja. Kiunga ni hifadhi, yaani wenyeji wameachiwa waendelee kuvua kwa njia zao za asili zisizoharibu. Kwa hivyo ukifika Kiwayu usitarajie lango, ua na ubao wa "hatari, wanyama". Utakuta kijiji, msikiti, watoto, mbuzi, na akina baba wakishona nyavu. Viumbe wanaohifadhiwa na watu wanaokula kutoka bahari ile ile wanatumia ufuo mmoja. Jambo hilo ukilielewa, mengine yote utakayoyaona huko yatakuwa rahisi kuelewa, na usipolielewa utarudi ukisema ati "wenyeji hawajali", kama nilivyowahi kumsikia mgeni mmoja akisema pale jetini Amu.

Kufika si kazi ngumu ila kunataka mpango. Boti ya injini kutoka Amu hupitia Mkanda, yaani ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kisha huambaa pwani ya Pate na kupita Faza na Ndau. Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa hivyo anayepanga saa ya kuondoka ni bahari, mwalimu hana sauti hapo. Ruhusa zilitakiwa tatu: ya wazazi, ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ambalo wengi hulijua kwa herufi za KWS, na ya maafisa wa usalama. Hili la usalama si la kufichwa. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa katika eneo la Kiwayu na baadaye Manda, watalii wakakimbia, na waliokuwa wakipata riziki kwa kuwatembeza wakarudi kwenye nyavu. Hata leo mtu hatoki tu akaenda kulala ufuoni kivyake.

Wasichana walilazwa kwa mama mmoja wa kijiji cha Chandani pamoja na mwalimu wa kike, na wavulana nyumba ya pili yake. Wali wa nazi na samaki wa kupaka tuliopewa hapo ungestahili makala yake yenyewe, lakini mhariri amenikatalia.

Sasa tuje kwa mwongozaji. Mimi nilikuwa nadhani mwongozaji ni mtu wa kutuonyesha njia na kutaja majina ya viumbe. Huyu wetu, mzee wa Kibajuni ambaye alivua tangu utotoni, alitukalisha barazani baada ya sala ya Isha na kutupa masharti hata kabla hajatuuliza majina. Hakutaka zaidi ya watu sita kwa zamu. Wa kwanza wangekaa ufuoni kutoka saa tatu hadi saa sita za usiku, wa pili kutoka saa sita hadi alfajiri. Hakuna nguo nyeupe. Hakuna marashi. Simu zote zikabaki kwa mwalimu, na hapo palikuwa na manung'uniko kwelikweli, kwa sababu nusu ya watu walikuja kwa ajili ya picha. Tochi ilikuwa moja, yake yeye, nayo ameifunga kitambaa chekundu. "Wanangu," alisema, "mukifika kule keti tini. Nikiinua mkono, hata kukohoa meza."

Mwenzangu mmoja akamwuliza, "Mzee, na tusipoona kitu?" Akajibu, "Mutakuwa mumelala ufuoni bila kumsumbua mtu. Hiyo pia ni kazi."

Ili masharti hayo yasionekane ukali wa bure, yafaa kuelewa mwenendo wa kasa. Katika maji ya Kenya wameonekana kasa wa aina tano. Anayetaga kwa wingi zaidi pwani yetu ni yule wa kawaida ambaye nyama yake ndiyo iliyokuwa ikiliwa, na ambaye akikua hula majani ya bahari kama ng'ombe. Wa pili kwa umaarufu ni ng'amba, mwenye mdomo kama wa kasuku na magamba ya kupendeza, ambaye hula sifongo kwenye matumbawe. Kasa wa kawaida hachukui mwaka mmoja au miwili kukomaa. Huchukua miaka 20 na kuendelea, mara nyingi zaidi ya 30. Akishakomaa, jike hurudi kutaga katika pwani za eneo alikozaliwa. Msimu wa kutaga hupanda ufuoni mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, na kila mara huacha mayai yapatayo 100 au zaidi. Kisha hupumzika miaka miwili au zaidi. Pwani ya Kenya kasa hutaga mwaka mzima, lakini zaidi kati ya Machi na Julai.

Mayai hukaa mchangani kiasi cha siku 60. Hakuna mama wa kuyalalia, joto la mchanga ndilo linalofanya kazi hiyo, na hilo hilo ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa dume au jike. Mchanga ukiwa na joto la karibu nyuzi 29 za Selisiasi hutoka mchanganyiko, ukizidi hapo majike huwa wengi, ukipungua madume. (Mwalimu wa bayolojia alipoambiwa haya na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliosoma rasimu yangu, alikuja idara ya Kiswahili kuthibitisha kwamba ni kweli.) Sasa fikiria mchanga unaozidi kupata joto kila mwaka, na ufuo uliokatwa miti ya kutia kivuli.

Giza linahitajika kwa sababu mbili. Jike akipanda huwa mwoga sana mpaka aanze kutaga. Akiona mwanga au kitu kinachosogea, hugeuka na kurudi baharini. Akishaanza kutaga, huwa kama aliyezama katika kazi yake, na hapo ndipo mwongozaji humwita mgeni asogee taratibu kutoka nyuma. Sababu ya pili ni watoto. Wanapotoka mchangani usiku, huelekea upande wenye mwangaza zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari, kwa kuwa maji humetameta kuliko vichaka. Ukiwasha taa upande wa nchi kavu, umewaonyesha njia ya kwenda kufa. Kaa, ndege na jua la asubuhi huwamaliza. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watoto 1,000 ni mmoja tu huenda akafikia utu uzima. Huyo mmoja akizama katika wavu baada ya miaka 25, hesabu ifanye mwenyewe.

Zamu yangu ilikuwa ya pili. Ufuo wa upande wa bahari kuu una upepo, na mawimbi hupasuka mwambani mbali kidogo, kwa hivyo hata ukinong'ona hupotea. Tuliketi juu ya alama ya maji kujaa, migongo yetu ikiwa kwenye kichaka. Mzee alitembea peke yake kwenye mchanga wa maji, akienda na kurudi, bila taa. Alikuwa akitafuta mburuzo. Kwa saa nzima na zaidi hakuna kilichotokea, na nasema kweli, wawili kati yetu walisinzia.

Kwenye saa saba na nusu hivi mkono uliinuliwa. Nilichoona mimi ni kitu kama jiwe ambalo dakika moja kabla halikuwapo. Jiwe likasogea, likakaa, likasogea. Kila akisogea twasikia pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyebeba gunia. Watu husema kasa hulia akitaga kwa uchungu wa kuacha watoto. Machozi ni ya kweli lakini sababu siyo hiyo: ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini, na hulia hata akiwa baharini ila hakuna wa kumwona. Alipanda mpaka karibu na majani, hatua labda 20 kutoka kwetu, akaanza kutupa mchanga kwa mapezi ya mbele. Tukausikia ukianguka juu ya majani makavu. Ukanyamaza. Ukaanza tena. Ukanyamaza. Halafu tukaona jiwe lile limegeuka na linateremka, haraka kuliko lilivyopanda, na povu likalichukua.

Hakuna aliyesema kitu mpaka Mzee alipokuja. "Amerudi," alisema. "Hakutaga."

Tukamwuliza kwa nini. Nilitegemea atatoa jibu la kutuliza roho. Alisema, "Pengine mchanga mkavu, shimo laporomoka. Pengine kapiga mzizi. Pengine ni sisi."

Hapo nataka kutua kidogo, kwa sababu ndipo lilipo somo la kulala hifadhini, na ndipo tulipobishana zaidi tuliporudi. Hatukuwasha taa. Hakuna aliyesimama. Tulitimiza kila sharti, na bado yule mzee hakuwa tayari kutuondoa katika orodha ya sababu. Kasa hurudi bila kutaga mara nyingi hata katika fuo zisizo na mtu, na yule huenda alipanda tena usiku ule ule mahali pengine, au usiku uliofuata. Hilo linajulikana. Lakini mtu hawezi kwenda kuangalia kiumbe mwoga halafu akadai kwamba yeye hakuwapo. Mwongozaji mbaya angetuambia "ni mizizi tu", tukafurahi na tukamlipa. Kwa maoni yangu, ukipata mwongozaji asiyekuambia unachotaka kusikia, mshike.

Asubuhi baada ya sala alitupeleka kusoma alama. Hii ni elimu ambayo haina kitabu maktabani kwetu. Mburuzo wa kasa wa kawaida ni mpana, wa huyu wetu tuliupima ukazidi mita moja kidogo, na alama za mapezi ya kushoto na kulia ziko sambamba, kwa sababu hujisukuma kwa pande zote mbili kwa pamoja kama mtu anayevuta makasia mawili. Ng'amba ni mwembamba zaidi na hutembea kwa kupokezana, kushoto kisha kulia, hivyo alama zake hupishana. Mzee alituonyesha mahali alipochimba: kishimo kisichofika popote, na kweli kulikuwa na mizizi myembamba kando. Tulipoiona mizizi ile, wenzangu walishangilia kama walioachiliwa na korti. Mzee alicheka tu.

Hatua chache mbele kulikuwa na kiota cha wiki kadhaa zilizopita, kimewekewa vijiti. Alitueleza kwamba kiota kikiwa chini ya alama ya maji ya bamvua huhamishwa, kwa kuwa maji yakikifunika mayai huoza. Kuhamisha kwenyewe si mchezo. Hufanywa saa chache baada ya kutagwa, tena yai halipinduliwi: lililokuwa juu hubaki juu. Ndiyo maana si kazi ya mgeni wala ya mwanachama wa chama cha Kiswahili mwenye moyo mwema.

Baada ya chai ndipo palipochemka. Mama aliyetulaza wasichana alikuwa ametusimulia kwamba zamani kasa alikuwa kitoweo cha furaha, na mafuta yake yaliwekwa chupani kwa kuwa watu waliamini ni dawa ya kifua. Mzee alikubali. Akatueleza na jinsi alivyokamatwa zamani, kwa samaki mwingine. Samaki huyo ni chazo, ambaye ana kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa na hupenda kujibandika kwa papa na kasa. Wavuvi wa Kibajuni walimfunga kamba mkiani, wakamchukua katika mashua, na wakimwona kasa wakamtupa majini. Chazo huenda moja kwa moja na kujibandika, na wavuvi huvuta kamba polepole mpaka kasa afike ubavuni mwa mashua. Nani kati yetu aliwahi kujua haya? Hata mwalimu alikuwa akiandika. Na biashara ya magamba ni ya kale zaidi ya miji yetu inayoonekana leo: kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoitwa Periplus, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii ya Afrika Mashariki.

Leo haya yote ni kesi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeongeza adhabu. Kuua kasa, kuweka nyama yake au kuchukua mayai ni kosa. Lakini hatari kubwa kwa kasa siku hizi si mtu mwenye mkuki. Ni wavu, hasa jarife, lenye matundu makubwa, linalotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akinaswa chini na asiweze kupanda, hufa kwa kuzama. Mvuvi akimkuta bado hai, kumtoa huenda kukamlazimu kukata wavu wake, na wavu ni pesa. Hapo sheria inamwambia asimwue, lakini haimshonei wavu.

Katika kisiwa chetu cha Amu kuna jibu moja lililojaribiwa. Shirika la hifadhi ya bahari la Lamu, LaMCoT, lilianza mwaka 1992, na limekuwa likiwapa kitu wavuvi wanaotoa habari za viota au wanaomleta kasa aliyenaswa akiwa hai ili afungwe kibao chenye namba na kuachiliwa. Upande wa Kiunga, KWS na shirika la WWF wamefanya kazi ya viota na vibao pamoja na vijiji tangu miaka ya 1990.

Mwenzetu mmoja, hodari wa mijadala, alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba anayelipwa kwa kutoyala mayai, siku asipolipwa atayala, kwa hivyo tumemfundisha bei badala ya huruma. Makofi yakapigwa. Lakini mimi nilimwuliza kama askari wa KWS halipwi, na kama mwalimu wa mazingira halipwi, mbona basi yule anayepoteza wavu ndiye peke yake anayetakiwa kufanya kwa huruma? Tulimgeukia Mzee atuamue. Alisema kijana wake anavua jarife, naye humwambia aende asubuhi mapema kulikagua badala ya kungoja jua, ili atakayenaswa apatikane hai. Wala hakuwa upande wa mtu. Mpaka tunapanda boti mabishano hayo hayakuwa yamekwisha, na nadhani mpinzani wangu ataniandikia jibu toleo lijalo.

Jambo moja lililotushangaza mchana ni takataka. Ufuo unaotazama bahari kuu hupokea vitu kutoka mbali: chupa, kamba za nailoni na slipa kwa mamia, mguu mmoja mmoja bila mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watoto wa huku walikuwa wakichonga slipa hizo kuwa vitu vya kuchezea, na kutoka hapo likazaliwa wazo la karakana iliyoko Nairobi inayochonga tembo na kasa kwa slipa kuukuu, Ocean Sole. Na jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kwa mikono ya mafundi wa majahazi wa kwetu, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwanzoni mwa 2019. Vizuri sana. Ila mama kasa anayepanda usiku hukutana na slipa ambazo bado hazijachongwa.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, siwezi kufunga bila mavuno ya lugha. "Kasa" ni mfano mzuri wa vitawe: ni mnyama, na pia ni "upungufu", kama wazee wanavyosema saa sita kasa robo. "Chaza" na "chazo" ni vitate vya kukutahini: chaza ndiye mwenye kombe mbili na wakati mwingine lulu, chazo ni yule samaki wa kujibandika. "Ng'amba" akiwa mnyama yuko katika ngeli ya A-WA, ng'amba huyu, lakini gamba lake likishauzwa sokoni huitwa ng'amba hii, I-ZI. Amehama ngeli kwa sababu ameuawa. Na aliyesema "keti tini" hakukosea, ndugu zangu mnaocheka. Kiamu na Kibajuni husema tini kwa chini, mato kwa macho na ndia kwa njia, na watunzi wakubwa wa pwani hii walitunga kwa lahaja hizo kabla Kiswahili sanifu hakijapata jina.

ZOEZI. Bila kutazama juu, eleza tofauti ya mbuga na hifadhi za baharini, ukitoa mfano wa kila moja. Chora mburuzo wa kasa wa kawaida na wa ng'amba. Kwa nini kiota hakihamishwi baada ya siku nyingi? Tunga sentensi mbili zenye "ng'amba", kila moja kwa ngeli yake. Na swali la mwisho ni la kujadiliana, alama kumi: chama kimeombwa kupeleka wanafunzi wengine Aprili ijayo, na majina yaliyoandikwa ni 41. Mwongozaji anataka sita kwa zamu na zamu mbili tu kwa usiku. Waende wangapi, nani awachague, na yule atakayebaki aambiwe nini?